Umbali Mfupi, Kosa Kubwa: Hesabu ya Dozi Jirani na Chanzo cha Mionzi

Mwanamke aliyegundulika kuwa na saratani ya mlango wa kizazi huko Mbagala au Tandale kwa kawaida hupewa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road. Sehemu ya tiba yake yaweza kuwa mionzi ya ndani: chanzo kidogo hupitishwa katika mrija hadi kwenye uvimbe, hukaa kwa muda uliopangwa, kisha huondolewa. Wagonjwa huuliza, na wana haki ya kuuliza, kwa nini wakatazwe hata kujigeuza.

Nguvu ya mionzi hupungua kwa kadiri ya mraba wa umbali. Tukiipa dozi ya sentimita 1 thamani ya 100, ya sentimita 2 itakuwa 25, na ya sentimita 5 itakuwa 4. Tukikaribia, milimita 5 hutoa 400 na milimita 1 hutoa 10,000. Penye nukta ya chanzo chenyewe fomula hupaa bila kikomo. Hakuna tishu inayopokea dozi ya namna hiyo, kwani chanzo halisi kina unene na mrija una ukuta. Lakini anayekokotoa hana budi kupita jirani na mahali hapo.

Njia nyepesi ya kujumlisha ni kanuni ya trapeza: unaunganisha nukta mbili za grafu kwa mstari ulionyooka, kisha unapima eneo lililo chini yake. (Mwaka 1994 jarida la Diabetes Care lilichapisha njia hii hii, ya kale mno, kama modeli mpya ya kupima sukari ya damu.) Kati ya sentimita 5 na 6, eneo la kweli ni 3.33 na trapeza moja hutoa 3.39; kosa halifiki asilimia 2. Kati ya milimita 1 na milimita 11, upana uleule wa sentimita moja, eneo la kweli ni 909, ilhali trapeza hutoa 5,041. Tugawe hatua mara mbili: kule mbali kosa hushuka hadi robo, kama vitabu vinavyoahidi. Huku karibu jibu huwa 2,660, bado takriban mara tatu ya ukweli. Kuongeza vipande tu, basi, ni dawa dhaifu.

Dawa nzuri ni kuitenga sehemu korofi. Mwaka 1995 Chama cha Wanafizikia Tiba cha Marekani kilitoa utaratibu ambao athari ya umbali na umbo la chanzo hukokotolewa kwa fomula kamili. Majedwali huachiwa yale yanayobadilika taratibu tu, kama vile kufyonzwa kwa mionzi na tishu. Hapo mstari ulionyooka kati ya namba mbili haudanganyi sana.

Hata hivyo, fomula haijui kama mrija umesogea. Tishu iliyopangwa kuwa sentimita 2 kutoka kwenye chanzo, ikikaribia kwa milimita 2, hupokea takriban asilimia 23 zaidi. Ikiwa sentimita 1, ongezeko ni asilimia 56. Puru na kibofu cha mkojo viko jirani hivyo hivyo. Ndiyo maana mgonjwa aliyejigeuza, aliyekohoa kwa nguvu au aliyehisi mrija umeteleza baada ya kupigwa picha za vipimo anaombwa amwambie muuguzi kabla chanzo hakijaingizwa, ili picha zirudiwe.