Ukimkuta kobe shambani

Mvua zikianza, si maharage peke yake yanayotoka ardhini. Kobe naye hutoka. Pengine umeshamwona pembeni ya shamba lako, anakwenda polepole kama mtu asiyedaiwa na yeyote.

Miongoni mwa kobe wa nchi kavu wanaoishi Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo yuko kobe mwenye bawaba. Gamba lake lina urefu wa sentimita 20 hivi, na upande wa nyuma lina kiungo kama bawaba ya mlango. Akiogopa, anarudisha miguu na mkia ndani, kisha anafunga. Kobe wachanga hawana mlango huo bado, huujenga wanavyokua.

Watoto huuliza: je, kobe anaweza kuvua gamba? Hawezi. Mbavu na uti wa mgongo wake vimeungana nalo, na lina neva, kwa hiyo anahisi maumivu. Tafadhali waambie wasilitoboe ili kumfunga kamba.

Hana meno. Mdomo wake ni mgumu kama wa ndege, na anautumia kula majani, uyoga, matunda yaliyoanguka, hata jongoo. Anakula pia konokono, wale wale wanaomaliza mboga zako bila kukuaga.

Wakati wa kiangazi hujificha kwenye mashimo au chini ya nyasi na kulala wiki nyingi. Hapo ndipo anapokutana na hatari kubwa, kwa sababu ndio wakati wengi wetu tunachoma nyasi kutayarisha mashamba. Kobe hawezi kuukimbia moto. Kabla ya kuwasha, geuza rundo lako kwanza. Tumia fimbo ndefu, si mkono, maana nyoka naye hupapenda hapo.

Ukimkuta barabarani, mvushe kuelekea kule alikokuwa anakwenda. Ukimrudisha nyuma, ataanza safari upya. Mshike kwa mikono miwili na umweke karibu na ardhi. Usimnyanyue bila sababu: akishtuka hukojoa, na maji hayo ndiyo akiba yake ya siku za ukame. (Mimi nililijua hilo baada ya suruali yangu kulowa.) Wala usimtupe ziwani ukidhani unamsaidia. Kobe wa majini ni wengine; huyu anaweza kuzama.

Je, unaweza kumfuga nyumbani au kumuuza sokoni? Nchini Uganda, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inakataza kumiliki au kuuza mnyamapori bila kibali, na inamhusu mkimbizi sawa na mwenyeji. Kama mtoto ameleta kobe nyumbani, mrudisheni pale pale alipomtoa. Halafu wote mliomshika mnawe mikono kwa sabuni, kwa kuwa kobe anaweza kubeba vijidudu vinavyoleta kuhara, hata akionekana mzima kabisa.