Nyumba Haisemi, Msimulizi Ndiye Husema

Ndugu msomaji, ukifika Kijitonyama, Wilaya ya Kinondoni, utakiona Kijiji cha Makumbusho. Humo zimejengwa nyumba za jadi za makabila yetu, kama msonge wa Wahaya na tembe la Wagogo. Wageni huchezewa ngoma.

Nyumba hizo zinatuonyesha wazee walivyoishi. Lakini nyumba haisemi. Haikuambii nani alipigana na nani, wala kwa nini. Hiyo ni kazi ya mshairi na msimulizi.

Kazi hii iko duniani kote. Zamani, huko Ulaya ya Kaskazini, washairi walitunga mashairi ya wafalme na vita vyao. Watu waliyashika kichwani, kizazi hata kizazi. Katika miaka ya 1200 watu wa kisiwa cha Iceland waliyaandika. Leo baadhi ya watu wa huko wakiigiza maisha ya kale, huyatumia pia maneno hayo.

Je, kwetu? Tuvitazame Vita vya Majimaji, vya mwaka 1905 hadi 1907. Wazee wetu walipigana na Wajerumani. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi wa vita hivyo. Mwaka 1968 wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini. Wakawauliza wazee, wakaandika masimulizi yao.

Mwaka 1969 Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, akatoa mchezo wa kuigiza uitwao Kinjeketile. Watu waliouona waliviona vita kama vinapiganwa mbele yao.

Lakini hapa tuwe waangalifu. Mganga wa kweli aliitwa Kinjikitile Ngwale, wa Ngarambe. Wajerumani walimnyonga tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Katika mchezo, Kinjeketile yu hai hata baada ya watu kushindwa. Mtunzi hakusema uongo. Alieleza wazi kuwa Kinjeketile wake ni wa kubuni. Alitaka tufikiri juu ya umoja na imani.

Basi mtunzi ana ruhusa ya kubuni, ila asiwafiche watu. Akificha, watoto watashika mchezo na kuiacha historia.

Ndugu msomaji, wazee wakifa, wanakwenda na habari zao. Wewe sasa kalamu unayo. Mfuate bibi au babu, mwulize. Andika maneno yake, jina lake, mahali na tarehe. Mkitunga ngonjera au mchezo kijijini, waambieni watazamaji: hili tumesimuliwa, hili tumelitunga.

Maswali ya kujadili:
1. Nani kijijini kwenu anajua habari za zamani?
2. Nani ameziandika?
3. Kama hakuna, mtaanza lini?