Siku Tatu za Kwanza London

Kutoka kituo cha Leicester Square hadi Covent Garden ni mita 260 hivi, umbali mfupi kuliko wote kati ya vituo viwili jirani vya treni ya chini ya ardhi ya London. Hata hivyo, kila siku wageni hulipa nauli kamili, huteremka kwa ngazi za umeme, husubiri treni, husafiri kwa muda usiotosha hata kukaa sawasawa kitini, kisha hupanga foleni ya lifti ya kuwatoa upande wa pili. Asiyetaka foleni ya lifti Covent Garden ana ngazi ya mzunguko yenye vidato 193. Huko juu, aliyekwenda kwa miguu keshafika zamani.

Si lawama ya wageni peke yao. Ramani ya treni hizo, ambayo ilianza kugawiwa abiria mwaka 1933 kutokana na mchoro wa Harry Beck, haikufuata vipimo vya ardhi. Beck alinyoosha njia na kuvitanua vituo vya katikati ya mji ili majina yasomeke. Ni ramani safi ya kukuonyesha ubadilishe treni wapi, na ni ramani mbovu ya kupangia matembezi. Anayekwenda London mara ya kwanza, tena kwa siku tatu tu, aanze na ramani ya kawaida ya mitaa, kwa sababu kinachokula siku katika mji ule ni kuukatiza huku na huko.

Orodha ninazoletewa na wasafiri hufanana sana: asubuhi Big Ben, mchana British Museum, alasiri Tower Bridge, jioni Buckingham, na Oxford Street ipenyezwe mahali fulani. Kila jina lina haki ya kuwemo. Ila ukiyatia kwenye ramani utaona mtu amepangiwa kwenda mashariki, kurudi magharibi na kwenda mashariki tena. Mimi huifuta orodha nzima na kuuliza swali moja: siku hii tunashinda sehemu gani ya mji?

Kabla ya kufika huko kuna viza. Wenye pasipoti za nchi zetu za Afrika Mashariki wanaihitaji, na maombi hufanywa mtandaoni, kisha mtu huenda kituo cha maombi kutoa alama za vidole na picha. Unaweza kuomba kuanzia miezi mitatu kabla ya safari. Majibu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki tatu tangu utoe alama za vidole, lakini mwenye busara hujipa nafasi zaidi. Usilipie tiketi ya ndege isiyorudishwa fedha kabla ya jibu. Viza ya Uingereza haikufikishi Paris. Treni ya kupita chini ya bahari huenda huko kwa saa mbili na dakika kadhaa, nayo huwatia watu tamaa, lakini Ufaransa iko ndani ya Schengen na hiyo ni viza nyingine, ada nyingine na miadi nyingine. Kwa siku tatu, Paris iache.

Jambo ambalo watu wa kwetu hulisahau zaidi ni mwanga. Sisi tunaoishi karibu na ikweta tumezoea jua linalochomoza saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili, mwaka mzima. Mwishoni mwa Desemba, jua la London huchomoza kwenye saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Mwezi wa Juni huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na kuzama saa tatu na dakika ishirini hivi usiku. Mtu aliyeswali Magharibi saa tatu na nusu usiku, mbingu bado ina wekundu, hawezi kuamini kwamba huu ni mji ule ule uliomfungia giza saa kumi jioni miezi sita nyuma. Safari ya Juni ina saa kumi na sita za kutembea. Ya Desemba haifiki nane. Kwa hiyo mpango wa rafiki yako aliyekwenda kiangazi haukufai wewe unayekwenda Krismasi.

Anayebanwa na Desemba afanye hivi: vya nje asubuhi na mchana, majumba ya makumbusho jioni. Ijumaa ndiyo siku ya dhahabu, kwani British Museum hufunga saa mbili na nusu usiku, National Gallery saa tatu, na Victoria and Albert saa nne. Siku nyingine hufunga mapema zaidi. Mwenye uhuru wa kuchagua, achague Mei au Septemba. Na mvua isikutishe. London hupata milimita 600 hivi kwa mwaka, pungufu sana ya Dar es Salaam. Shida yake ni kwamba hunyunya kidogo kidogo bila taarifa. Koti lenye kofia linafaa kuliko mwavuli unaopinduliwa na upepo wa darajani.

Tofauti ya saa inatusaidia. Wakati wa baridi London iko nyuma yetu kwa saa tatu, na kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba ni saa mbili tu. Mwili hautaabiki kama wa mtu aliyetoka Tokyo, kwa hiyo siku ya kufika nayo ni siku. Magari yanapita kushoto kama kwetu, na soketi za ukutani ni zile zile za pini tatu bapa. Mjerumani inambidi aangalie maandishi ya lami yanayomwambia atazame kulia kabla ya kuvuka. Wewe shingo yako imeshazoea tangu utoto.

Hoteli ichague kwa dakika za miguu hadi kituoni, usidanganywe na neno London kwenye tangazo. Usafiri wa mji umegawanywa kwa kanda, ya 1 ikiwa katikati, na uwanja wa Heathrow uko kanda ya 6. Chumba cha bei nafuu kanda ya 5 kitakugharimu kwa nauli na kwa saa mbili za njiani kila siku. Kaa kanda ya 1 au ya 2, hata chumba kikiwa kidogo kama kabati, na uulize kama kuna lifti, kwani hoteli nyingi ni nyumba za zamani zenye ngazi nyembamba. Ukitua Heathrow, njia ya Elizabeth iliyofunguliwa Mei 2022 ndiyo ninayoipendekeza: ni nafuu kuliko treni ya haraka ya kwenda Paddington, na katika vituo vyake vyote mwenye sanduku zito hapandi ngazi.

Nauli hulipwa kwa kugusisha kadi ya benki au simu kwenye mashine. Kwenye treni gusisha unapoingia na unapotoka; ukisahau kutoka, utakatwa nauli ya juu kabisa. Kwenye basi gusisha ukipanda tu, na usimwonyeshe dereva noti, maana mabasi yaliacha kupokea fedha taslimu Julai 2014. Mtambo hujumlisha safari zako za siku na kuacha kukata ukifika kiwango fulani. Hapo ndipo wanandoa hukosea: kila mtu awe na kadi yake, na aliyeanza asubuhi na simu aendelee na simu hadi usiku, kwa sababu simu na kadi huhesabiwa kuwa watu wawili hata kama akaunti ni moja. Mabasi yana neema nyingine: nauli moja hukupandisha mabasi mengine bure ndani ya saa moja tangu uguse mara ya kwanza. Kiti cha mbele cha ghorofani ni matembezi tosha kwa aliyechoka miguu.

Sasa siku zenyewe. Ya kwanza naipa Westminster. Anza na Westminster Abbey, tiketi ukiwa umeinunua mtandaoni kabla, na isiwe Jumapili, kwa kuwa siku hiyo hufunguliwa kwa ibada peke yake. Humo ndani wageni hukimbilia makaburi ya wafalme. Wewe simama kwanza katikati ya ukumbi mkubwa, kwenye jiwe la David Livingstone. Alifariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake Susi, Chuma na wenzao waliukausha mwili, wakauzika moyo chini ya mti, wakaubeba mwili kwa miguu miezi kadhaa hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Aliyesafiri na jeneza hadi Uingereza ni mmoja wao, Jacob Wainwright, naye alikuwa miongoni mwa waliolisindikiza mazishini tarehe 18 Aprili mwaka huo. Jiwe linasema kwamba marehemu aliletwa na mikono ya uaminifu kupitia nchi kavu na bahari. Majina ya wenye mikono hayamo. Msomaji wa Bagamoyo anayo sababu ya kulisoma jiwe hilo taratibu.

Ukitoka, kata kupitia bustani ya St James's hadi Buckingham, ulitazame kasri kwa nje na uondoke. Kubadilishana kwa walinzi pale hufanyika siku kadhaa za wiki, kwenye saa tano asubuhi, na aliyechelewa huona migongo ya watu. Walinzi wa farasi pale Horse Guards hubadilishana kila siku saa tano, Jumapili saa nne, na utawaona kwa karibu bila kusukumana. Dakika chache mbele ni Trafalgar Square na National Gallery. Yote haya ni kwa miguu, hakuna treni hata moja.

Siku ya pili ni ya mashariki. Uwe mlangoni mwa Tower of London kabla haujafunguliwa, kisha uende moja kwa moja kwenye vito vya kifalme. Kufika saa sita mchana foleni yake huwa imeshanenepa. Kwenye fimbo ya enzi utaona almasi ya karati 530, kipande kikubwa kuliko vyote vya jiwe la Cullinan lililochimbwa Afrika Kusini mwaka 1905. Tiketi hiyo hiyo inakupa matembezi na wale walinzi wenye sare za kale, na masimulizi yao ya kukatwa vichwa yana mzaha mwingi. Kisha vuka Tower Bridge kwa miguu na ufuate ukingo wa kusini kuelekea magharibi. Utapita soko la Borough, ambalo Jumatatu hufungwa, na Tate Modern iliyo ndani ya kituo cha zamani cha kufulia umeme, uvuke daraja la Millennium utokee St Paul's. Matembezi hayo hayazidi kilomita tatu hivi, na ndiyo bora kuliko yote ya mji huo bila kulipa senti. Lile gurudumu kubwa la London Eye mimi huliondoa kwenye mipango ya watu. Mto unaonekana vizuri tu kutoka darajani.

Maonyesho ya kudumu ya makumbusho ya taifa hayana kiingilio, na hili libadilishe namna unavyoyaingia. Usiyashindie kutwa. British Museum ina vitu takriban milioni nane na huonyesha kama asilimia moja tu, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuimaliza. Ingia na vitu vitatu kichwani: jiwe la Rosetta, vyumba vya Afrika vya ghorofa ya chini vyenye shaba za Benin zilizoporwa mwaka 1897, na kile kiti cha Msumbiji kilichoundwa kwa bunduki baada ya vita. Saa moja na nusu yatosha.

Fedha kwa kifupi. Ukipewa pauni na ndugu au duka la kubadilisha fedha, zishike kwanza: noti za karatasi za 20 na 50 zilikoma kutumika tarehe 30 Septemba 2022, na madukani hazipokelewi. Zinazotumika ni za plastiki. Bili ya mgahawa huja mara nyingi na asilimia 12.5 ya huduma imeshaongezwa, hivyo usitoe bakshishi mara mbili. Kurudishiwa kodi ya manunuzi uwanjani, jambo wanalolisimulia waliokwenda zamani, kulifutwa mwaka 2021. Na maduka makubwa hufunguliwa kwa muda wa saa sita tu siku ya Jumapili, kwa kawaida hadi jioni mapema, basi anayeacha manunuzi yote kwa siku hiyo ajue hivyo.

Siku ya tatu chagua kitu kimoja. Mwenye watoto aende South Kensington kwenye mifupa ya dinosaria. Wengine wote nawapeleka Greenwich, kwa boti wakati wa kwenda na kwa treni wakati wa kurudi. Kilima kile kina jumba la kutazamia nyota lililoanzishwa mwaka 1675, na mstari wa longitudo sifuri uliokubaliwa katika mkutano wa Washington mwaka 1884. Saa za Nairobi, Dar es Salaam na Kampala zote huhesabiwa kutoka hapo, saa tatu mbele. Kusimama juu ya mstari wa uani kuna kiingilio. Kukaa kwenye nyasi za kilimani na kuiona London nzima chini yako ni bure, na kama muda wako unatosha kimoja tu, panda kilimani.