Kutembea Mikindani kwa Kufuata Maji

Matembezi ya kikundi katika miji ya ufukweni ni safari fupi ya miguu: watu kadhaa hupita pamoja kwenye mitaa ya kale, gatini na kwenye mchanga wa pwani, kwa mwendo wa taratibu unaowapa nafasi ya kusimama na kuuliza. Pwani ya Waswahili ina mazoea hayo tangu zamani. Lamu, zefe la Maulidi hupita kando ya bahari likisindikizwa na matari. Unguja, watu hushuka Forodhani jioni kupunga upepo. Kwa wakazi wa Ndanda, Masasi na Newala, Lindi na Mikindani ndizo chaguo za karibu. Lindi ni mji mkubwa zaidi, lakini mambo ya kutazama Mikindani yako karibu karibu, na kundi huweza kuyamaliza kwa nusu siku bila kupanda gari.

Basi la kutoka Masasi hupita Ndanda chini ya ukingo wa uwanda wa Makonde, likafuata bonde la mto Lukuledi hadi Mnazi Mmoja, ambako barabara hugawanyika: kushoto Lindi, kulia Mtwara. Mikindani iko kwenye hii ya kulia, kilomita kama kumi kabla ya Mtwara mjini. Anayetoka Newala hupitia Tandahimba.

Kabla ya magari, safari hiyo ilikuwa ya miguu kwa siku nyingi. Misafara ilishusha pembe za ndovu, sandarusi, mpira wa msituni na, kwa miaka mingi, watu waliokuwa wakipelekwa kuuzwa. Wapo pia waliokwenda kinyume. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Unguja na kundi la watumwa walioachwa huru, wakashukia Lindi, wakatembea kuelekea bara. Nia ilikuwa kuwafikisha karibu na Ziwa Nyasa, ambako wengi wao walitekwa. Walipofika Masasi waliona pamewafaa, wakabaki, na misheni ya Masasi ikaanzia hapo. Miaka kumi nyuma, Machi 1866, David Livingstone alishuka Mikindani kwa safari yake ya mwisho akiwa na ngamia, nyati wa kufugwa, baghala na punda. Alitaka kujua kama wanyama hao wangeweza kustahimili mbung'o. Waliteketea njiani, na si kwa mbung'o peke yake. Mizigo mizito na kutunzwa vibaya kulichangia. Kibao kwenye nyumba moja ya mji kinamkumbuka Livingstone. Wanyama hawana kibao.

Kundi linalotaka kuuelewa mji lianzie juu na kuteremka. Boma la Wajerumani, lililojengwa 1895, limesimama mlimani, na kutoka hapo ghuba yote inaonekana: duara la maji matulivu lenye mlango mwembamba wa kuingilia baharini. Ghuba hiyo ilivifaa vyombo vya tanga, ila meli kubwa zilihitaji kina zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza waliichagua Mtwara iwe bandari ya mpango wa karanga wa Nachingwea, ofisi zikahamia huko, na Mikindani ikasahaulika. Karanga hazikufanikiwa. Mikindani nayo, kwa kukosa fedha za kujenga upya, ikabaki na nyumba zake za mawe ya matumbawe na chokaa, milango ya nakshi na baraza za mbele. Boma lenyewe lilikarabatiwa baadaye likawa hoteli, kwa hiyo wageni wabishe hodi kwanza. Chini yake, karibu na barabara, lipo jengo linaloitwa Soko la Watumwa.

Baada ya mji, ufukwe. Na hapa mwenye kauli ni maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Siku hizo, katika pwani hii, maji hupwa kabisa kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana, wakati mzuri kwa kundi lililomaliza boma mapema. Wiki moja baadaye ni maji mafu. Bahari haiendi mbali, na kupwa huangukia alasiri. Anayepanga safari atazame mwezi kabla ya kukata tiketi, kisha awaulize wavuvi, maana wao ndio wanaojua saa ya siku yenyewe.

Maji yakitoka, ghuba huacha tope na mchanga. Mikoko husimama juu ya mizizi iliyojipinda kama miguu ya buibui, na chini ya michu mizizi myembamba huchomoza wima topeni ili kuvuta hewa. Wanawake hutoka na ndoo kuokota kombe na kutafuta pweza kwenye mashimo ya miamba. Hapo ni kazini kwao. Salamu itangulie, na picha ipigwe kwa ruhusa. Viatu visivuliwe, kwa sababu matumbawe hukata vibaya. Penye maji ya magotini, mguu uburuzwe badala ya kunyanyuliwa, ili taa aliyejifukia mchangani ashtuke na kukimbia kabla hajakanyagwa. Mwiba wake una sumu.

Kiongozi wa kundi akae mbele, na mtu mwingine mzoefu awe wa mwisho, huku mwendo ukipimwa kwa aliye mzito kuliko wote. Kundi ligeuke mara maji yanapoanza kurudi. Kwenye ufukwe tambarare hurudi upesi, na mifereji kati ya mikoko hujaa kwanza, hivyo aliye mbele zaidi hukatiwa njia nyuma yake.