Mwanga Hupimwa Unakoangukia

Kwenye ukingo wa milima ya Ngulia, katika Mbuga ya Kitaifa ya Tsavo Magharibi, ipo hoteli ya watalii ambayo huwasha taa kubwa usiku ili wageni wawaone tembo na nyati wanaokuja kunywa maji. Miezi ya Novemba na Desemba, usiku usio na mwezi, ukungu ukishuka ukingoni, taa hizo huwavuta viumbe ambao aliyezifunga hakuwafikiria: ndege wadogo kwa maelfu, wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia kuelekea kusini. Ukungu umewafichia nyota, na mwanga ulioenea ndani ya ukungu unawapotezea njia. Hushuka, huzunguka, hutua vichakani. Tangu 1969 wataalamu wa ndege wamekuwa wakiwanasa hapo kwa nyavu, wakiwavisha pete nyepesi mguuni na kuwaachia, na pete zilizovishwa zimeshapita laki moja. Sayansi ya safari za ndege imenufaika sana na Ngulia. Lakini kila ndege aliyenaswa pale alikuwa njiani, na taa ndiyo iliyomteremsha.

Nimeanza na Ngulia kwa sababu inaonyesha kasoro iliyomo katika tathmini nyingi za taa ninazozisoma. Mchoro utakueleza nguzo zitasimikwa wapi, kila taa ina wati ngapi, na njia itamulikwa kiasi gani. Hayo yote ni habari za mahali taa iliposimama. Athari haitokei hapo. Inatokea dirishani kwa jirani, mchangani, mtini, angani. Anayetaka kuijua sharti aende huko, usiku, ageuke na kuitazama taa kutoka upande wa anayeupokea mwanga.

Ufuoni jambo hili liko wazi kuliko mahali pengine popote. Kuanzia Kiunga na Watamu hadi Kigamboni na Mafia, kasa hupanda mchangani usiku kutaga. Jike huchimba shimo, hutaga mayai yapatayo mia moja, hulifukia na kurudi baharini. Baada ya siku 50 hadi 60 hivi vitoto hujitokeza, aghalabu usiku, mchanga ukishapoa. Mama hayupo wa kuwaonyesha njia. Wanachofuata ni mwanga: huelekea upande ambao upeo wa macho uko chini na unang'aa, na kuupa mgongo upande wenye giza lililoinuka, yaani mivinje na vilima vya mchanga. Tangu enzi na enzi upande ule unaong'aa ulikuwa bahari. Ukifunga taa nyeupe kwenye ukuta wa baa ya ufukweni, mpango huo unavurugika. Vitoto huufuata ukuta, huhangaika huku na huko mpaka nguvu waliyotoka nayo kwenye kiini cha yai iwaishie, na kunapopambazuka kaa, kunguru, mbwa na jua huwamaliza. Jike naye, akiukuta ufuo umemulikwa, mara nyingi hugeuza na kurudi majini bila kutaga.

Ushahidi wake husomeka alfajiri, kabla upepo haujaufuta. Kiota kilichototoa salama huacha alama ndogondogo za mapezi zinazotandaa kidogo, kisha zikanyooka hadi majini. Kiota kilichovurugwa na taa huacha alama zinazopinda, zinazorudi zilikotoka, zinazoambaa na ukuta, na nyingine zinazokomea kwenye mtaro wa barabara. Zipige picha. Andika pembe iliyopo kati ya mwelekeo wa alama na mstari wa maji. Kisha rudi mahali hapo usiku, chuchumaa juu ya kiota, uandike kila taa unayoiona ukiwa umechuchumaa, maana kitoto cha kasa hakioni dunia kutoka kimo cha mtu aliyesimama. Kazi hiyo haihitaji chombo cha bei kali. Inahitaji mtu aliye tayari kuamka.

Blair Witherington na Erik Martin, watafiti wa Florida nchini Marekani, waliandika mwaka 1996 mwongozo ambao hadi leo ndio msingi wa kazi hii. Kipimo chao ni chepesi mno kwa maelezo: taa ikionekana na mtu aliyesimama popote ufuoni, basi huenda italeta madhara. Nami huongeza cha pili. Usiku wa giza, geuka uitazame bahari. Ukiona kivuli chako kimelala mchangani mbele yako, ufuo huo umeshaharibiwa na mwanga, hata kama mwenye hoteli atakuambia taa zake ni hafifu.

Hafifu kwa nani? Hapo ndipo namba zinapohitajika. Mwanga unaoangukia juu ya kitu hupimwa kwa luksi. Jua la mchana hutoa kiasi cha luksi 100,000. Barabara yenye taa hupata kama luksi 10. Mwezi mpevu uliofika utosini hauzidi luksi 0.3, na usiku wa nyota tupu ni karibu luksi 0.001. Viumbe wa usiku huishi ndani ya kiwango hicho cha chini kabisa, kati ya nyota na mwezi. Wavuvi wa dagaa wanalijua jambo hili vizuri kuliko wasanifu wengi wa majengo: mwezi ukiwa mpevu karabai haivuti samaki kama inavyovuta wakati wa giza, kwa hiyo wengi hupumzisha mitumbwi. Nguvu ya taa inategemea giza lililoizunguka. Taa ileile isiyosumbua mtu katikati ya Mombasa inaweza kutawala ufuo mzima kijijini.

Tume ya Kimataifa ya Mwangaza, CIE, imeliwekea viwango jambo hilo. Katika mwongozo wake namba 150, uliorekebishwa mwaka 2017, maeneo yamegawanywa kulingana na giza lake, na kila eneo lina kikomo cha mwanga unaoruhusiwa kufika kwenye dirisha la nyumba ya mtu. Kijijini ni luksi 5 jioni, na luksi 1 baada ya saa ya kupunguza taa, ambayo kwa kawaida huwekwa kama saa tano usiku. Kwenye makazi ya mjini ni 10, kisha 2. Katikati ya mji ni 25, kisha 5. Kipima mwanga hakiwekwi sakafuni. Hushikwa wima usawa wa kioo, uso wake ukiangalia nje, na taa zote za ndani zimezimwa.

Tuchukue mfano ambao kila msomaji anaweza kuukuta mtaani kwake. Mtu amefunga juu ya ukuta taa ya LED ya wati 50, zile watu wanazoziita mulika mwizi, akaielekeza nje ya ua. Taa ya aina hiyo hutoa lumeni 5,000 hivi, na ikiwa inatawanya mwanga kwa mapana, ukali wake upande wa mbele ni takriban kandela 1,600. Kupata luksi, gawanya ukali huo kwa umbali uliozidishwa kwa umbali. Dirisha la jirani liko mita 12: 1,600 gawanya kwa 144, unapata luksi 11. Ikiwa ni kijijini na saa tano imepita, jirani anapokea zaidi ya mara kumi ya kiasi kinachokubalika. Hata angekuwa mita 24, angepata karibu luksi 3. Sasa iinamishe taa ileile itazame chini, uiwekee kifuniko juu na ubavuni: dirisha linarudi gizani, na ua wako bado unaonekana.

Mwenye taa hatajua hayo akiwa amesimama uani kwake, kwa kuwa yeye yuko nyuma ya taa. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayesumbuliwa ni kutoanza na barua ya wakili. Mkaribishe jirani baada ya swala ya isha, asimame chumbani wanakolala watoto, taa za ndani zikiwa zimezimwa. Nimeona wengi wakienda kuchukua ngazi usiku huohuo.

Wapo watakaosema usalama kwanza, na hofu ya wezi si jambo la kupuuzwa. Lakini taa inayokuchoma machoni haikulindi. Jicho hujirekebisha kwa mwanga mkali ulio mbele yake, na kila kilicho pembeni mwa mwanga huo kinazama gizani. Aliyesimama nyuma ya taa kali haonekani kabisa na anayepita barabarani. Wazee, hasa wenye mtoto wa jicho, huathirika zaidi, kwa sababu mwanga hutawanyika ndani ya jicho lenyewe. Taa inayomulika mlango, kufuli na njia kutoka juu kwenda chini, na yenye kitambuzi kinachoiwasha mtu anapokaribia, humfaa mlinzi kuliko ile inayowaka usiku kucha ikiwatazama wapita njia.

Kuna suala la rangi pia. LED nyingi nyeupe hubeba mwanga wa buluu mwingi, wenye mawimbi ya nanomita 450 hivi. Seli za jicho zinazoiambia saa ya mwili kwamba kumekucha huamka zaidi karibu na nanomita 480, ndiyo maana mwanga mweupe usiku huchelewesha usingizi kuliko wa njano. Kwa kasa, mwongozo ni kutumia mwanga wa kaharabu au mwekundu, wa mawimbi marefu kuliko nanomita 560. Unaponunua taa ya nje, soma kwenye boksi namba ya kelvini: 6,500 ni nyeupe inayoelekea buluu, 2,700 ni ya vuguvugu, na 2,200 au chini yake ndiyo ningeichagua karibu na ufuo. Rangi peke yake haiponyi taa iliyoelekezwa vibaya, lakini hupunguza madhara sana.

Bara nako kuna ya kwake. Kagera na Masaka wavunaji wa senene huweka balbu kali na mabati, nao senene huja kwa mawingu. Mwaka 2024 watafiti walionyesha sababu mojawapo: mdudu anayeruka huweka mgongo wake upande wenye mwanga, kwa kuwa porini upande huo ni anga, hivyo akiikaribia taa anapinduka na kujikuta akiizunguka bila njia ya kutoka. Huko Uswisi, jaribio lililochapishwa mwaka 2017 lilionyesha kwamba maua yaliyowekewa taa yalitembelewa na wadudu wachavushaji wa usiku pungufu kwa asilimia 62. Ndiyo maana hunisikitisha kila nionapo mbuyu uliomulikwa kutoka chini kwa pambo la hoteli. Mbuyu hufungua maua yake machweo, na popo ndio wanaouchavusha. Kati ya taa zote za pwani, hiyo ndiyo ningeizima ya kwanza, maana hailindi mtu wala kumwonyesha njia, na mwanga wake mwingi unapotelea angani.

Mwanga wa angani hauishii hapo ulipotoka. Mwongozo wa serikali ya Australia kuhusu wanyamapori na uchafuzi wa mwanga, wa mwaka 2020, unataka mradi wowote ulio ndani ya kilomita 20 kutoka makazi muhimu ya viumbe hao uchunguzwe, kwa sababu vitoto vya kasa vimepatikana vikipotezwa na mng'ao wa mbali kiasi cha kilomita 15 na zaidi. Hoteli haiwezi kujitetea kwamba haipo ufuoni.

Kenya ina sheria ya mazingira tangu 1999 na Tanzania tangu 2004, na zote mbili zinadai tathmini ya athari kwa mazingira kabla miradi mikubwa haijaanza, pamoja na kusikiliza maoni ya wananchi. Kelele imepewa kanuni zake Kenya tangu 2009, na mwanga unastahili uzito huohuo. Basi likitolewa tangazo la mradi karibu na kwako, omba ripoti na utafute ukurasa wa taa. Uangalie kama mwanga umepimwa usiku, kama dirisha lako limehesabiwa, na kama kuna saa ya kuzima. Yakikosekana hayo, andika maoni yako na uyapeleke kabla muda haujapita.