Mashine ya Mkononi, Konsoli au Kompyuta: Mzazi wa Pemba Achague Ipi?

Kila Idi inapokaribia, na tena skuli zinapofungwa mwezi wa Disemba, hufika kisiwani kwetu swali ambalo wazee waliotutangulia hawakuwahi kuulizwa. Jamaa aliyeko Maskati, Dubai au London ana nafasi katika mzigo anaoutuma nyumbani, naye anataka kuwafurahisha watoto kwa mashine ya michezo ya video, au gemu kama waiitavyo wenyewe. Anauliza alete ipi. Baba aliyeko Wete au Mkoani hana jibu. Mtoto analo, lakini lake aghalabu ni lile la bei ya juu kuliko yote. Basi swali huletwa msikitini baada ya Ishaa, kwani katibu wa kamati hudhaniwa kuwa mjuzi wa kila kilicho na waya, tangu kipaza sauti hadi feni.

Hatukusudii hapa kujadili kama watoto wacheze au wasicheze. Kisiwa chenye bao katika kila baraza, na chenye mchezo wa ng'ombe unaowakusanya watu kutoka vijiji vya mbali, hakikuanza jana kucheza. Tena watoto wenyewe wanacheza tayari: kwenye simu ya mama, na kwenye vibanda vya gemu ambako hulipa kwa mechi na kukaa hadi Magharibi inapita. Linalotushughulisha ni kwamba fedha zinazotumwa ni jasho la mtu aliye ugenini, nyingi kiasi cha kutosha kulipia masomo ya ziada ya mwaka mzima, na tumeona zaidi ya nyumba moja ambamo kifaa hicho kimekaa juu ya kabati bila ya kutumika.

Kwa muhtasari, mashine hizi ni za namna tatu. Kuna za mkononi, zenye kioo na betri yake, kama vile Nintendo Switch iliyotoka mwaka 2017 na Steam Deck iliyotoka mwaka 2022. Kuna konsoli, yaani sanduku linalounganishwa na televisheni na kuchezwa kwa pedi: PlayStation ya Sony na Xbox ya Microsoft ndizo zinazojulikana zaidi. Ya tatu ni kompyuta, iwe ya mezani au ya kupakata, yenye kadi ya grafiki yenye nguvu ya kuchora picha za michezo mikubwa. Vijana watabishana usiku kucha juu ya ipi yenye picha nzuri zaidi. Kwa mzazi wa Pemba hilo ni jambo la mwisho kabisa. La kwanza ni umeme.

Umeme wetu hutoka Tanga. Hadi mwaka 2010 tulitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha; mwaka huo ndipo waya wa chini ya bahari wa kilovolti 33, uliogharamiwa kwa sehemu kubwa na Norway, ulipotuunganisha na gridi ya bara. Hali imekuwa njema mno ukilinganisha na zamani, na anayekumbuka jioni za kibatari hawezi kuikanusha neema hii. Hata hivyo umeme hukatika, khasa nyakati za mvua za masika, na unaporudi huweza kurudi kwa kishindo. Konsoli inayozimika ghafla wakati inaandika kumbukumbu zake huweza kuharibu kile ilichokihifadhi, na kompyuta ya mezani hali kadhalika. Kwa hiyo anayenunua konsoli au kompyuta ya mezani ahesabu papo hapo bei ya UPS, ile betri ya akiba inayompa mtu dakika chache za kuzima kwa taratibu. Asipoihesabu, bei aliyoambiwa dukani si bei yake ya kweli.

Kisha ipo hesabu ya uniti, ambayo kila mama mwenye mita ya TUKUZA anaielewa kuliko muuza duka. PlayStation 5 ikicheza mchezo mzito hula takriban wati 200. Mtoto akicheza saa tatu kwa siku, kwa mwezi ni saa 90, sawa na uniti 18, na hapo televisheni haijahesabiwa. Kompyuta yenye nguvu ya michezo huweza kula wati 400 na kuzidi. Kwa saa hizo hizo ni uniti 36. Nintendo Switch, hata ikiwa imeunganishwa na televisheni, haifiki wati 20, yaani chini ya uniti mbili kwa mwezi. Betri ya Steam Deck ni ya wati-saa 40, hivyo chaji moja kamili haifiki hata sehemu ya kumi ya uniti, nayo huchezwa baina ya saa mbili na nane kwa kutegemea uzito wa mchezo. Katika nyumba inayotumia sola ndogo, mashine ya mkononi ndiyo pekee inayoweza kufikiriwa.

Baada ya umeme huja intaneti, na hapa ndipo fedha nyingi zinapozama. Zamani ulinunua diski, ukaitia, ukacheza. Siku hizi Sony huuza PlayStation 5 za sura mbili, moja yenye mlango wa diski na nyingine isiyo nao, na ile isiyo nao ni nafuu kidogo, jambo linalomvutia jamaa aliye dukani Dubai. Asichoambiwa ni kwamba isiyo na mlango hupokea michezo kwa kupakuliwa tu. Mchezo mkubwa wa leo hupita gigabaiti 50, na ipo inayopita 100. Kwa bei ya vifurushi vya simu, kuupakua mchezo mmoja ni gharama juu ya gharama. Twaijua nyumba moja katika shehia yetu ambamo mashine ya namna hiyo ilifika siku mbili kabla ya Idi, ikafunguliwa kwa takbira na vigelegele, na watoto wanne wakaketi mbele ya kioo kilichokuwa kinawataka waunganishe intaneti. Mjomba wao alikuwa amekatwa mshahara wa miezi mitatu kwa ajili yake. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumpigia simu kumweleza.

Basi diski ina faida kubwa kwa watu wa visiwani, na si moja. Huazimwa baina ya majirani. Huuzwa ikichosha. Diski za PlayStation 4 na 5 zilizonunuliwa Oman au Uingereza huchezwa hapa bila ya kizuizi. Na usiidharau PlayStation 4, ingawa ilitoka mwaka 2013: PlayStation 5 ilipotoka Novemba 2020 haikuiua, na mchezo wa mpira unaopendwa kuliko yote, ule ulioitwa FIFA na tangu mwaka 2023 ukaitwa EA Sports FC, uliendelea kutolewa kwa ajili yake. Fundi wa Chake Chake ameshaifungua mara nyingi na anaijua. Iliyotoka mwaka jana ikiharibika hupelekwa Unguja au Kariakoo, na safari ya kifaa kwenda na kurudi kwa meli haina ahadi.

Sasa tutazame nani atacheza. Mashine ya mkononi kwa asili yake ni ya mtu mmoja, naye huinama nayo pembeni, chini ya chandarua, mahali ambapo mzazi haoni kioo. Katika nyumba yenye watoto watano, kumpa mmoja ni kuanzisha ugomvi. Hadithi ya Nuuman bin Bashir, ambaye baba yake alitaka kumpa yeye peke yake zawadi na Mtume (s.a.w.) akakataa kuishuhudia, inajulikana na kila aliyesoma chuoni, na sisi tunaona inahusika moja kwa moja na mzigo unaotoka Maskati. Konsoli ina adabu nyingine: hukaa sebuleni, pedi mbili hushikwa na wawili, wengine wakitazama na kungojea zamu, na bibi akipita anaona kinachoendelea. Nintendo Switch ya kawaida ina nafasi ya kati, kwani huunganishwa na televisheni na vipini vyake viwili huchomolewa vikawa pedi za watoto wawili. Lakini jihadharini na ile ndogo iitwayo Switch Lite. Hiyo haiunganiki na televisheni kabisa, na vipini vyake havichomoki.

Kuhusu kompyuta, tuna upendeleo wetu na hatuufichi. Kijana wa kidato cha tatu mwenye kompyuta ataandika, atajifunza mahesabu ya majedwali, atachora, na jioni atacheza. Konsoli haimwandikii mtu barua ya maombi ya kazi. Hata hivyo kompyuta iliyoandikwa kwamba ni ya michezo ni ghali kupita kiasi, na sehemu kubwa ya ughali huo ni kadi ya grafiki. Ipo njia ya chini: kompyuta ya ofisi iliyotumika, zinazoletwa kwa wingi kutoka Ulaya na Dubai, ikatiwa kadi ndogo isiyozidi wati 75, ambayo huchukua umeme wake kwenye ubao wenyewe bila ya waya wa ziada. Haitacheza kila kitu, lakini mpira itacheza. Na ikiwa umeme wa mtaa wenu hauaminiki, ya kupakata yenye betri nzima ni bora kuliko ya mezani, ijapokuwa nguvu yake ni pungufu kwa bei ile ile.

Wapo watakaosema: na zile mashine za bei rahisi zinazoandikwa michezo 400 ndani? Ndani yake mna michezo ya miaka ya themanini. Kwa mtoto wa miaka sita si kitu kibaya, maadamu mzazi anajua alichokinunua. Kibaya ni ile inayofinyangwa kwa umbo la PlayStation 5 ikauzwa kwa asiyejua kusoma maandishi ya ubavuni.

Lipo jambo ambalo halitegemei mashine, nalo ni kamari iliyojificha. Katika EA Sports FC mna vifurushi vya wachezaji ambavyo mtoto huvinunua kwa fedha halisi bila ya kujua atamtoa nani, mchezaji nyota au wa benchi. Ubelgiji mwaka 2018 iliamua kuwa vifurushi vya namna hii ni kamari chini ya sheria zake, na Januari 2019 kampuni ikaacha kuwauzia Wabelgiji zile pointi za kununulia. Kama serikali ya Kizungu imeliona hilo, msomaji wa Suratul Maida hana sababu ya kusitasita. Dawa yake ni nyepesi: mchezo wenyewe huchezwa vizuri bila ya sehemu hiyo, na kadi ya benki isiachwe ndani ya mashine.

Vivyo hivyo tazameni namba iliyo kwenye ganda. Michezo inayotoka Ulaya huwa na alama ya PEGI yenye umri, 3, 7, 12, 16 au 18. Mchezo wenye 18 umewekwa hivyo kwa ajili ya mauaji ya kutisha au uchafu, na waliouweka si masheikh, ni watu wa biashara hiyo hiyo. Juu ya muda, Shirika la Afya Duniani limeuingiza uraibu wa michezo hii katika orodha yake ya maradhi inayotumika tangu Januari 2022, na China mwaka 2021 iliwawekea walio chini ya miaka 18 saa tatu tu kwa wiki za michezo ya mtandaoni. Sisi hatuna serikali ya kutuwekea saa, lakini PlayStation, Xbox na Switch zote zina sehemu ya wazazi ambamo muda wa siku huwekwa, na Switch huweza kudhibitiwa kwa simu ya mzazi mwenyewe. Tunaona wachache wanaoitumia.

Mwisho ni maagizo ya kumpelekea huyo jamaa kabla hajalipa. Plagi za Oman, Imarati na Uingereza ni za pini tatu kama zetu, na umeme ni wa volti takriban 230, kwa hiyo cha huko huchomekwa hapa bila ya taabu. Cha Marekani au Japani kisomwe kibandiko chake: kikiandikwa 100 hadi 240 ni salama, kikiandikwa 110 au 120 peke yake kitaungua siku ya kwanza. Kompyuta kuukuu huwa na swichi ndogo nyekundu nyuma. Ihakikishwe imesimama kwenye 230. Na kwa kuwa Tanzania haimo katika nchi ambazo Sony na Nintendo wamezifungulia maduka yao ya mtandaoni, yeye jamaa afungue akaunti kwa jina lake na nchi yake huko aliko, ajue kuwa kadi za malipo zitakazokubaliwa ni za nchi hiyo, kisha nywila aikabidhi kwa mama wa watoto, si kwa kaka mkubwa.