Kupiga Picha ya Mwezi kwa Kamera ya Nyumbani

Usiku wa Jumapili, tarehe 7 Septemba 2025, mwezi mpevu ulipatwa wote mbele ya macho ya watu wa Afrika Mashariki. Tangu saa 2:30 usiku hata saa 3:52, yaani kwa muda wa dakika 82, uligeuka mwekundu mfano wa shaba. Waislamu walisimama kusali sala ya kupatwa kwa mwezi, na watoto walikataa kwenda kulala. Katika nyumba za askari, mke wa koplo mmoja alisimama uani, kamera ndogo mkononi.

Mumewe alikuwa kazini Somalia. Mchana ule alikuwa amepiga simu, akasema: "Mama watoto, mimi nitakuwa zamu ya redio ndani ya handaki, sitauona mwezi. Nipigieni picha, nami niuone kama mlivyouona ninyi."

Mama yule alibonyeza kitufe mara nyingi. Kabla mwezi haujapatwa, alipata doa jeupe lisilo na sura. Ulipokuwa mwekundu, alipata mchirizi tu, kana kwamba mtu amefuta rangi kwa kidole. Mtoto wake wa miaka minne, ambaye amemjua baba yake kwa picha zaidi kuliko kwa macho, alitazama akasema: "Mama, hii ni taa ya getini." Mama aliona haya, wala hakuipeleka hata moja.

KOSA LIKO WAPI?

Jirani yao ni polisi mstaafu, ambaye zamani kazi yake ilikuwa kupiga picha za ajali na za ushahidi. Alipoonyeshwa zile picha hakucheka. "Mwanangu," alisema, "wewe ulidhani unapiga picha ya usiku. Mwezi haujui usiku. Mwezi uko juani."

Maneno yake ni ya kweli. Mwezi hauna nuru yake wenyewe. Ni nchi ya mawe na vumbi iliyoangazwa na jua, kama uwanja wa gwaride saa sita mchana. Lakini kamera huona mbingu nyeusi pande zote, ikadhani ni giza tupu, ikaacha mwanga uingie kwa muda mrefu kupita kiasi. Hapo uso wa mwezi huungua, ukawa doa jeupe. Taa ya kamera nayo haisaidii kitu, maana mwezi uko mbali nasi kwa wastani wa kilomita 384,400, na taa hiyo haimulikii zaidi ya mita chache.

Wakati wa kupatwa, mambo hugeuka. Dunia huuzuia mwanga wa jua, na ule mwekundu kidogo unaopinda katika hewa yetu ndio pekee unaoufikia mwezi. Ndipo kamera huhitaji sekunde nzima au zaidi, na mkono wa binadamu hauwezi kutulia muda huo wote.

Kosa la tatu ni udogo. Mwezi huonekana mkubwa unapochomoza nyuma ya miti, lakini hayo ni madanganyo ya macho. Kidole kidogo cha mkono ulionyooshwa chatosha kuuficha wote. Kwa kamera ya filamu yenye lenzi ya kawaida ya milimita 50, sura ya mwezi juu ya filamu haifiki hata nusu milimita.

NJIA YA KUFUATA

Kwanza, zima taa ya kamera. Pili, vuta mwezi karibu kwa lenzi yenyewe hadi mwisho wake. Kule kukuza picha kunakofanywa na mtambo baada ya lenzi kufika mwisho hakuongezi chochote ila ukungu.

Tatu, punguza mwanga. Mwenye simu aguse sura ya mwezi juu ya kioo, kisha ashushe alama ya mwanga mpaka madoa ya mwezi yaonekane. Mwenye kamera ya kupangwa kwa mkono na aanze hivi: ISO 100, sekunde 1/125, na tundu la lenzi f/11 kwa mwezi mpevu. Kwa nusu mwezi, tundu lifunguliwe hadi f/5.6. Baada ya hapo apige kadhaa, akiongeza na kupunguza.

Nne, tuliza kamera. Askari anajua jambo hili kuliko raia: bunduki huwekwa juu ya gunia la mchanga, pumzi huzuiwa, kidole huvuta polepole. Vivyo hivyo kamera ilazwe juu ya mfuko wa mchanga au wa mchele, na ile saa ya kuchelewesha iwekwe sekunde mbili, ili mkono uwe umekwisha kuondoka picha inapopigwa. Asiye na lenzi ndefu aweza kuweka simu yake nyuma ya darubini ya macho mawili iliyoegemezwa imara.

Tano, chagua siku. Wengi hungoja mwezi mpevu, kumbe hapo jua huupiga usoni na vivuli hupotea. Nusu mwezi ndiyo bora, kwani kwenye mpaka wa nuru na giza mashimo na milima hutupa vivuli virefu. Anayetaka mwezi pamoja na miti au paa la nyumba apige jioni moja kabla ya mwezi mpevu. Siku hiyo huchomoza kabla jua halijatua, na nchi ingali na mwanga.

Kuna onyo moja kwa jamaa za askari. Katika picha kusiingie lango la kambi, ghala, mnara wala mtu aliye lindoni. Paa la jikoni latosha kuupamba mwezi.

PICHA ILIYOPELEKWA

Jioni ya tarehe 30 Septemba, nusu mwezi ulikuwa juu upande wa kusini. Mama yule aliilaza kamera juu ya mfuko wa mchele, mzee akisimama kando bila kugusa kitu. Picha ya tisa ilionyesha mashimo wazi, yamejipanga kando ya giza. Mtoto aliuliza kama baba anakaa katika mojawapo. Picha ilipelekwa usiku uleule.

Jibu lilifika alfajiri, koplo alipotoka zamu: "Nimeuona. Mwambie mtoto nikija tutapiga mwingine pamoja."

Nafasi ipo. Jioni ya tarehe 31 Desemba 2028 mwezi utapatwa tena wote, nao utaonekana Afrika Mashariki mara baada ya jua kutua. Mwenye kutaka picha hiyo na ajizoeze tangu sasa, kwa nusu mwezi wa kila mwezi.